Uzi: Injini za mvuke zilizolala miaka 50, zipi zinaweza kuwashwa tena?

Masizi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikiwekwa picha ya injini kuukuu ya treni ya mvuke, swali la kwanza huwa lile lile: hii haiwezi kufufuliwa kweli? Na majibu huwa mawili. Kuna anayesema hilo ni chuma chakavu tu, na kuna anayesema pesa ikipatikana hakuna kisichowezekana. Mimi nimejitolea kwenye karakana ya kukarabati injini hizi kwa miaka kumi na moja, na majibu yote mawili yananiumiza. Nimeona injini iliyoliwa na kutu mpaka unapitisha mkono kwenye tangi la maji, na leo inavuta mabehewa. Nimeona nyingine iliyopakwa rangi ikang'aa, tukaifungua, tukaifunga tena kwa huzuni.

Tofauti yao ilikuwa boila. Magurudumu, silinda, konrodi (fimbo nene zinazopeleka nguvu ya silinda kwenye magurudumu) na fremu ni vyuma vinene vilivyotengenezwa kuvumilia kipigo. Vikichakaa vinapimwa, vinakerezwa, au vinasubiwa vipya. Boila, yaani tangi ambamo maji huchemshwa kuwa mvuke, ni chombo cha presha. Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanataka nafasi kubwa mara 1,600 na zaidi kuliko ile ya mwanzo, na maji yaliyomo ndani ya boila yenye presha yako juu ya nyuzi 100 kwa mbali, yanasubiri upenyo tu. Boila ikipasuka kwa presha hiyo, kinachotokea ni mlipuko.

Upande wa nyuma wa boila kuna tanuru, yaani sanduku la chuma au shaba ambamo moto unawaka. Maji yamelizunguka ubavuni na juu. Ukuta wa tanuru na ukuta wa nje vimeshikanishwa kwa pini nyingi zinazopita katikati ya maji, na sisi tunaziita stei. Injini kubwa ina stei zaidi ya elfu moja. Hizo ndizo zinazokatika kimyakimya.

Siku ya kwanza nilipoingizwa tanuruni nilipita kwenye tundu la kutilia makaa, mabega yakikwaruza pande zote mbili, taa kichwani na nyundo ndogo mkononi. Fundi mzee alibaki nje na sikio lake. Kazi yangu ilikuwa kugonga stei moja baada ya nyingine. Iliyo nzima inalia kama kengele ndogo. Iliyokatika inajibu "dub", kama umegonga gunia la mchanga. Nilifika safu ya tatu kutoka juu, upande wa kushoto, nikagonga saba mfululizo, zote dub. Nje nikasikia sauti: "Rudia hapo." Nikarudia. "Tia chaki." Nilipotoka nikiwa mweusi tii tulihesabu alama za chaki, zilikuwa 43. Injini hiyo ilikuwa imeonyeshwa kwa wageni miaka mingi kama "iko tayari, inahitaji tu kuwashwa".

Kwa hiyo anayewaambia injini fulani inafufulika bila kuingia tanuruni, msimwamini. Naendelea kujibu hapa chini.

Njia Kuu

Mkuu Masizi, shukrani kwa uzi. Lakini mbona kuna injini zilizokaa juani na mvuani miaka 20 zikarudi? Ule uwanja wa vyuma chakavu wa Barry, kule Wales, ulikuwa kando ya bahari, upepo wa chumvi mtupu.

Masizi

Umegusa mfano ninaoupenda kuliko yote.

Reli ya Uingereza ilipoachana na mvuke, iliuza injini kwa wakata vyuma. Karibu 300 zilikwenda kwa Dai Woodham, mwenye uwanja ule wa Barry. Wenzake walikata injini mara moja. Yeye alikuwa na mabehewa ya mizigo mengi ambayo ni rahisi kukata, akayaanza hayo, injini zikabaki zimepangwa foleni. Mwaka 1968 ya kwanza ikanunuliwa na wapenzi wa reli, wakafuata wengine na wengine. Mpaka mwisho ziliondoka 213, na nyingi kati ya hizo zimeshawahi kuwaka tena.

Chumvi iliharibu sana mabati ya nje, matangi na mirija. Hivyo ndivyo vitu rahisi kubadilisha. Mirija ya moshi hata injini ikiwa kazini hubadilishwa, inahesabiwa kama nguo ya kuvaa. Wezi wa shaba nyekundu na njano walichukua mabomba na vali. Lakini boila zenyewe zilikuwa za mabati manene, zilizotunzwa na reli kwa ratiba mpaka siku ya mwisho. Injini iliyokufa ikiwa na afya, ikakaa nje miaka 20, mara nyingi ni bora kuliko iliyotumikishwa mpaka ikaisha, kisha ikawekwa ndani ya jumba zuri.

Na kutoka Barry kuna kisa cha Duke of Gloucester, namba 71000, iliyotengenezwa 1954, ya pekee ya aina yake. Silinda yake moja ilikuwa imekatwa kwa ajili ya maonyesho ya makumbusho. Wapo waliosema haiwezekani kabisa. Kikundi cha watu wa kujitolea kikasubu silinda mpya na ikawaka tena 1986. Walipokuwa wakilinganisha chuma na michoro waligundua matundu ya kuingizia hewa chini ya wavu wa moto yalitengenezwa madogo kuliko michoro ilivyosema. Enzi za kazi yake injini hiyo ilikuwa na sifa mbaya ya kukosa mvuke. Wakarekebisha hilo pamoja na bomba la moshi, na ikavuta vizuri kuliko ilivyokuwa mpya. Nikikumbuka kwamba waliotibu ugonjwa huo ni watu waliokuwa wakifanya kazi zao za mchana na kuja karakana Jumamosi, naona fahari kama vile nilikuwepo.

Kereza

Niongezee upande wa vipuri, maana mimi ni mtu wa mashine za kukereza.

Watu wanadhani kikwazo ni kwamba kiwanda kilichotengeneza injini hakipo tena. Kikwazo hicho kimepungua sana. Zamani ukitaka kusubu silinda ulihitaji fundi seremala wa kuchonga kalibu ya mbao kwa wiki kadhaa, na mafundi hao wanazidi kuwa wachache. Sasa kipande kilichovunjika kinapigwa picha za leza pande zote, kompyuta inarudisha umbo, na mashine inachonga kalibu kwa povu gumu. Umbo lenye mikunjo mingi ambalo zamani lilitisha linachongwa kwa siku chache.

Ushahidi mkubwa ni Tornado, namba 60163. Injini za aina hiyo zilikuwa 49 na zote zilikatwa, haikubaki hata moja. Watu wakaanza 1990 kutengeneza ya 50 kutoka kwenye michoro, na mwaka 2008 ikatembea kwa mvuke wake yenyewe. Iligharimu karibu pauni milioni 3. Aprili 2017 ikafika maili 100 kwa saa kwenye majaribio. Boila yake ilitoka karakana ya Meiningen, Ujerumani, na ni ya chuma kitupu kilichochomelewa, wakati zile za asili zilikuwa na tanuru la shaba na riveti.

Kwa hiyo mtu akisema "kipuri hakipatikani", muulize kama ametafuta anayekisubu.

Masizi

Naunga mkono, kwa tahadhari moja. Kipuri kinachongika ukijua kilivyokuwa. Kuna kikundi nilichokitembelea, sitakitaja, walifungua injini nzima kwa mwezi mmoja kwa furaha kubwa. Bolti, pini, vipande vya mfumo wa vali, vyote wakavitia kwenye madumu bila lebo, bila picha. Waliokuwa wanakumbuka wakahama, mmoja akafariki. Nilipofika, miaka miwili ilikuwa imepita wakijaribu pini hii kwenye tundu lile. Kulikuwa na dumu lililojaa shimu nyembamba za chuma, kila moja ina unene wake na mahali pake, na hakuna aliyejua ni wapi. Nilishika moja, nikaona alama ya mkwaruzo ya fundi wa zamani juu yake, labda namba nne. Iliniuma.

Picha kabla ya kufungua. Lebo ya bati yenye namba iliyogongwa, karatasi inaoza kwa grisi.

Swali Langu

Wakuu mimi mgeni kwenye mambo haya. Gharama ikoje hasa? Na kwa nini inaongezeka kila mara?

Masizi

Chukua Flying Scotsman, ambayo hata asiyejua reli ameisikia. Ilijengwa Doncaster 1923. Makumbusho ya Taifa ya Reli ya Uingereza iliinunua 2004 kwa pauni milioni 2.3. Ukarabati ukaanza 2006, ukaisha 2016, na ukala pauni milioni 4.2. Yaani kuifufua kulizidi bei ya kuinunua kwa karibu mara mbili, na hao ni watu wenye wataalamu na karakana.

Inaongezeka kwa sababu kasoro ziko chini ya kasoro. Unaondoa bati la nje unakuta ukoko wa chokaa. Unaondoa ukoko unakuta chuma kimeliwa kama ramani. Unakata kipande hicho, pembeni yake unakuta ufa unaoelekea kwenye tundu la riveti. Hakuna kipimo cha nje kinachoonyesha yote hayo. Kipima unene cha mawimbi ya sauti kinasaidia sana, unapaka mafuta kidogo, unagusa, inasoma milimita, lakini inasoma pale ulipogusa tu. Ndiyo maana wanaojua hawatoi bei mpaka boila imetoka kwenye fremu.

Mhifadhi

Naomba nitofautiane kwa heshima. Mimi natoka upande wa makumbusho. Mnapoongea kubadilisha tanuru, mirija, silinda, stei elfu moja, mnajua mnatupa nini? Chuma kile kina alama za nyundo za waliokitengeneza. Ukikarabati mara tatu au nne unabaki na jina na namba. Injini ya Uingereza iitwayo Mallard ilifika maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, na mpaka sasa hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuipita. Mnataka tuibadilishe boila ili watu wasikie honi?

Masizi

Mkuu Mhifadhi, hapa hatutofautiani sana kama unavyodhani. Mallard iachwe ilivyo. Rocket, ile injini ya mwanzo mwanzo ya 1829, ndiyo kabisa, hata kuigusa iguswe kwa glavu. Kwa Rocket walifanya jambo la busara: 1979 wakatengeneza nakala inayotembea, ya asili ikabaki na makovu yake yote. Injini iliyo peke yake duniani, yenye vyuma vya asili vingi, mimi napiga kura ibaki imelala.

Ila injini nyingi zilizoko nje si za namna hiyo. Zilitengenezwa kwa mamia, na wakati wa kazi reli zenyewe zilibadilishana boila kati ya injini moja na nyingine kila ilipoingia karakana kuu. Flying Scotsman imebeba boila kadhaa maishani mwake. Kwa hizi, kubadilisha ndiyo desturi zilizozaliwa nayo. Na kuna ujuzi ambao haukai kwenye jumba la makumbusho. Kusikia injekta, kifaa cha kusukumia maji kwenye boila, ikishika maji. Kujua kwa rangi ya moshi kwamba hewa imezidi. Huo unakaa kwa mtu anayewasha injini, na anampa mwingine kwa kusimama naye bega kwa bega mbele ya moto. Ukipotea kizazi kimoja, hata injini nzima haitakuwa na wa kuiendesha.

Mhifadhi

Hilo la ujuzi nalikubali. La boila kubadilishana pia ni kweli, nimeona vitabu vya karakana vilivyoandika hivyo. Basi kila injini itazamwe peke yake kabla ya mtu kushika spana.

Njia Kuu

Na usalama? Kuna watu watajaribu kuwasha baada ya kusoma uzi huu.

Masizi

Asante kwa kuuliza, nilitaka kuliandikia kwa kirefu.

Paa la tanuru lazima lifunikwe na maji muda wote moto ukiwepo. Maji yakishuka chini yake, chuma kinapata moto upande mmoja na hakina cha kukipoza upande wa pili, kinalegea, kinang'oka kwenye stei. Juni 1995 huko Gettysburg, Marekani, injini namba 1278 ilikuwa inavuta watalii. Maji yalishuka, paa la tanuru likaachia, watu watatu waliokuwa kwenye chumba cha dereva wakaungua. Wachunguzi walikuta vifaa vya kupimia maji havikutunzwa. Walikuta pia kwamba jinsi stei za injini ile zilivyopangwa ndiyo iliyofanya paa liachie sehemu kwa sehemu badala ya yote kwa mpigo. Bila hivyo tungekuwa tunasoma habari ya vifo. Baada ya hapo Marekani iliandika upya kanuni zake: injini inafunguliwa na kukaguliwa kikamilifu baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia. Uingereza boila hukaa karibu miaka 10, kisha inavuliwa tena.

Hapo ndipo penye jibu la swali la matarajio. Kuwasha injini mara moja, vikundi vingi vimeweza. Lakini kuanzia siku hiyo saa inahesabu. Miaka 10 baadaye mnatakiwa tena kuvua boila, kupima, kubadilisha, na pesa iwe imeshawekwa pembeni. Injini zilizofufuliwa kwa shangwe na zikalala tena baada ya muhula wa kwanza ni nyingi mno. Nikisikia kikundi kinataka kuanza, nauliza mna vijana wangapi chini ya miaka 30, na mfuko wa ukarabati wa pili uko wapi. Wakiwa na majibu hayo, hata boila mbovu hainitishi.

Union Pacific, kampuni ya reli ya Marekani, walipoirudisha injini yao kubwa Big Boy 4014 walikuwa na vyote. Ilijengwa 1941, ikastaafu 1961, ikasimama kwenye maonyesho California zaidi ya nusu karne. Waliichukua, wakaivuta mpaka karakana yao Cheyenne mwaka 2014, na Mei 2019 ikatoka ikiwaka. Hata hivyo kampuni hiyo ina karakana, wafanyakazi wa mvuke wa kudumu, na njia yake yenyewe ya kuiendeshea. Msijipime nayo.

Kereza

Na mafuta ya kuwashia nayo. 4014 ilibadilishwa kutoka makaa kwenda mafuta wakati wa ukarabati. Sasa hivi makaa mazuri ya mvuke ni tabu, mgodi wa Ffos-y-fran kule Wales ulifungwa Novemba 2023 na reli za kihistoria za Uingereza zikawa zinategemea ya kuagiza. Mafuta si jambo geni kwa mvuke. Zile Garratt (injini ndefu zenye seti mbili za magurudumu ya kuvutia) za daraja la 59 za Afrika Mashariki, 34 kutoka Beyer Peacock wa Manchester, zilichoma mafuta mazito toka mwanzo. Anayepanga ukarabati leo alifikirie hilo kabla hajaagiza wavu wa makaa.

Swali Langu

Mkuu Masizi, nimesoma yote mara mbili. Kuna injini moja imesimama nje tangu sijazaliwa. Nikienda kuiangalia, niangalie nini?

Masizi

Kwanza mwombe ruhusa mwenye nayo. Usipande bila ruhusa. Usivunje wala kukwangua bati la nje la boila, chini yake mara nyingi kuna asbestosi, vumbi lake linaua mapafu. Angalia bomba la moshi kama liko wazi. Fungua mlango wa mbele kama unafunguka, mulika ndani. Kisha mulika tanuruni kupitia tundu la makaa, uone kama majivu yaliondolewa. Tafuta namba zilizogongwa kwenye konrodi na ulinganishe kushoto na kulia. Piga picha za kila kitu, uje.

Swali Langu (siku nne baadaye)

Nimekwenda. Mwenyewe alifurahi, amesema hakuna aliyewahi kumuuliza. Bomba la moshi liko wazi, juu kuna kiota. Ndani ya mlango wa mbele kuna tope jeusi la kina cha kiganja, na chini yake bati limetoboka, kidole kinapita. Tanuruni kuna majivu mpaka nusu, yamelowa, yameshikana kama udongo. Namba kwenye konrodi ni tofauti, kushoto moja na kulia nyingine. Stei sikugonga, niliogopa kukosea. Vioo vya kupimia maji havipo, vimeondolewa na vali zake. Mkuu, niambie tu kama imekufa.

Masizi

Kutoboka sakafu ya chumba cha mbele ni kawaida, kipande hicho hubadilishwa kwenye karibu kila ukarabati. Namba tofauti kwenye konrodi zinakwambia injini hii iliazimwa sehemu kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo walikuwa wakiitunza mpaka mwishoni. Hizo ni habari nzuri.

Kinachonisumbua ni majivu. Majivu ya makaa yana salfa, yakilowa yanakuwa asidi, na yanakula tanuru kutoka chini pale ambapo macho hayafiki. Kila mvua inayopita kwenye bomba lile inaendelea na kazi hiyo. Kama imekufa au haijafa siwezi kusema, lakini naweza kusema kinachoiua kwa sasa, na hicho kinazuilika bila pesa ya kutisha.

Mwombe mwenyewe mfanye haya wiki hii. Ndege wakishatoka kwenye kiota, funika bomba kwa bati lililokunjwa kingo, lisizibe kabisa, hewa ipite. Vaa barakoa na glavu, toa majivu yote kwa koleo la mbao au plastiki, usikwaruze. Fungua plagi za chini za kuoshea boila kama zinafunguka kwa mkono wa kawaida. Zikigoma ziache, usizilazimishe. Maji yaliyobaki yatoke, ndani pakauke. Paka grisi pini na fimbo zote zinazong'aa au zilizowahi kung'aa.

Ukimaliza niandikie pembeni unielekeze ilipo. Kwa nyundo nitakuja mwenyewe, na wewe ndiye utakayeingia tanuruni.